Dawa ya Macho Niliyoisifu Bila Kuuliza Mti Wake

Neno lenyewe lilikuwa "sawa." Nililisema nikiwa nimesimama, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango wa ofisi ya mhariri wangu, miaka ile magazeti ya watu binafsi yalipoanza kufunguliwa Dar es Salaam moja baada ya jingine. Aliniomba niandike mistari michache ya kuisifu dawa ya macho, nami nikasema sawa, nikashuka ngazi kwenda kutafuta chai. Ningekataa pale mlangoni hakuna ambaye angeshangaa. Ningeonekana mkaidi tu, na sifa hiyo nilikuwa nayo tayari. Juma lililopita simu iliita asubuhi nikiwa nafunga chandarua. Alikuwa mke wa mtani wangu, mchonga vinyago wa Temeke. Alisema mumewe amefariki alfajiri na mazishi ni kesho yake alasiri, kisha akaongeza: "Marehemu alisema uje. Ila alisema usije na utani." Nikajibu, "Nimesikia, shemeji," nikakaa kitandani na simu bado iko sikioni. Msomaji ambaye hakukulia katika desturi zetu huenda asione ukali wa maneno hayo, kwa hiyo nitaeleza, na nitaomba nivumiliwe kama leo safu hii itakuwa na hasira kuliko ilivyozoeleka. Sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe juu yangu mwenyewe. Lakini si yote.

Yeye alikuwa Mmakonde, mie Mmwera. Makabila yetu ya Kusini ni watani tangu enzi za mababu, na utani si urafiki wa kuchagua, ni haki unayozaliwa nayo. Mtani anaingia kwako bila hodi, anafunua sufuria jikoni, anamwambia mkeo kwamba ameolewa na gogo, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna umejiaibisha mwenyewe. Msibani ndipo haki hiyo inapofika kileleni. Wakati ndugu wanalia, watani wako ndio wanaoruhusiwa kuigiza mwendo wako, kuziba njia ya jeneza, kulala ndani ya kaburi na kugoma kutoka mpaka wapewe jogoo. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na kwa kucheka huko wanapata kupumua. Kwa hiyo kumwambia mtani aje msibani bila utani ni kumwambia aje kama mpita njia.

Nilikutana naye Temeke mwishoni mwa miaka ya themanini, baada ya kiwanda cha nguo nilichokuwa nafanyia kazi kupunguza watu, nami nikiwa mmoja wao. Nilipanga chumba nyuma ya banda lake la bati, alimokuwa anachonga mpingo tangu asubuhi, vumbi jeusi limemkaa hadi kwenye kope. Siku ya kwanza nilipita na godoro kichwani, akanisimamisha.

"Wewe wa wapi?"

"Nachingwea."

"Mmwera?" Aliweka tezo chini taratibu, kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Mama watoto! Ficha kuku! Kaja mtu anayekula mpaka vifaranga!"

"Afadhali sie wa kuku," nikamjibu kabla hata sijatua godoro. "Nyie panya buku wanahama wilaya wakisikia mmeshuka kwenye basi."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye maranda yake. Tangu siku ile hatukuitana tena kwa majina. Alikuwa akiingia chumbani kwangu, anaonja mchuzi, anatema, anasema mke wangu apewe talaka kwa huruma tu. Mie nilikuwa nikiwaambia wateja wake kwamba kinyago wanachokishika ni sura ya mama mkwe wake, kwa hiyo wasikiweke chumba kimoja na watoto. Aliniahidi jambo moja ambalo alilirudia mara nyingi, hasa akiwa ameshiba. "Wewe ukifa, mie nitalala kaburini mwako, na sitoki mpaka wanao waniletee jogoo mwekundu. Mweupe sitaki." Nilimwambia asijisumbue, yeye ndiye atakayetangulia, na jogoo nitamchukua mie. Tulikuwa tunasema hayo kwa vicheko, kama watu ambao hawatakufa.

Wasomaji wangu wa makamo wanaikumbuka miaka ile. Baada ya foleni za sukari na sabuni, ghafla kila kitu kilikuwa ruksa. Tandale palijaa mitumba na redio za kaseti, Buguruni kila kibaraza kikawa duka, na mtu aliyekuwa karani jana leo alikuwa mkurugenzi wa kampuni yenye mhuri na meza moja. Mie na kidato changu cha nne na mazoea ya kuwaandikia wahariri barua za malalamiko nikapata safu katika gazeti jipya. Sitasema uongo kwamba miaka ile ilikuwa mibaya tu. Tulipumua. Lakini mlango uliofunguliwa kwa redio na mitumba ulipitisha na mengine, na hapakuwa na mtu mlangoni wa kuuliza nini kinaingia. Wakati huohuo hospitali za serikali zikaanza kutuambia tuchangie gharama, na mara nyingi ulichangia, ukaandikiwa dawa, ukaambiwa dawa yenyewe haipo, katafute mjini.

Ndipo akatokea mwenye dawa. Alikuwa mtu wa suti ya kaki na kalamu mbili mfukoni, ofisi yake Buguruni juu ya duka la vipuri, na chini barabarani kijana wa spika akimtangazia. Dawa ilikuwa matone katika chupa ndogo ya plastiki yenye picha ya jani. Alikuja ofisini kwetu akatueleza mwenyewe, akitembea huku na huku kama mwalimu. Hii, alisema, si ile miti shamba ya kuchemsha kwenye chungu. Hii imetokana na jani la mti wetu wenyewe, lakini imesagwa kwa mashine ya Ulaya mpaka chembe zake hazionekani kwa jicho. Tone likiingia, chembe zinapenya jicho lote hadi nyuma kabisa. Inatibu wekundu, ukungu, mtoto wa jicho, presha ya macho, yote. Neno "nano", linalotajwa siku hizi kwa chembe ndogo mno, hatukuwa nalo wakati ule, wala yeye hakulitaja. Alisema "chembe," na sisi tuliitikia kwa vichwa.

Alipoondoka mhariri akaniita. "Kaka, yule bwana kachukua ukurasa wa nyuma mwezi mzima. Anataka na wewe useme neno kwenye safu yako."

"Mie si daktari."

"Nani kasema uwe daktari? Wewe andika kama unavyoandikaga. Watu wanakuamini."

"Na isipotibu?"

"Ni majani, kaka. Majani yamemuua nani?"

Sawa, nikasema.

Niliandika vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Laiti ningeandika vibaya. Nilimkumbuka bibi yangu akitukamulia utomvu wa majani machoni tulipougua macho mekundu utotoni. Nikasema sayansi sasa imekuja kumalizia kazi aliyoianza bibi, kwamba kile alichokiponda kwa jiwe kimesagwa kwa mashine, na kwamba Mwafrika asione haya tena kutibiwa na mti wake. Watu walinisimamisha barabarani kunipongeza. Na katika mistari yote ile, wasomaji wangu, sikutaja mti gani, kwa sababu sikuwa nimeuliza. Nilisifu dawa ya jani na sikujua jani la nini. Sikuuliza nani aliyeipima, aliipima kwenye macho ya nani, na wale ambao haikuwafaa wako wapi. Mtu aliyeshindwa kuuliza mti anaweza kuitwaje mwandishi?

Kitu ambacho sikukijua siku hiyo ni kwamba mtani wangu alikuwa ameshakwenda hospitali kwa ajili ya macho. Hakutaka nijue, maana alijua ningemtania mwezi mzima. Daktari alimwambia ana presha ya macho, kwamba upande wa pembeni wa macho yake umeanza kufa, na kilichokufa hakirudi. Alimpa matone ya kutia kila siku maisha yake yote ili kilichobaki kisife nacho. Matone yale yalikuwa yanawasha, yalikuwa yanaadimika, na hayakumfanya aone vizuri zaidi ya jana. Hayakukusudiwa kumfanya aone zaidi. Yalikusudiwa kumzuia asipoteze, na kitu kinachozuia hakionekani kinapofanya kazi.

Jumapili moja nikiwa nakula nilisikia mtu anabisha hodi. Nikasema karibu, nikidhani ni mgeni. Akaingia yeye, gazeti limekunjwa kwapani, akasimama karibu na mlango. Hakwenda jikoni.

"Mmakonde kapiga hodi!" nikamwambia mke wangu. "Leo dunia inaisha, anua nguo kambani!"

Hakucheka. Alilifungua gazeti kwenye ukurasa wangu. "Mtani, hii uliyoandika. Ni kweli?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kweli. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema mhariri aliniomba. Ningeweza kumuuliza kwa nini anaulizia. Lakini kusema sijui kungekuwa kukiri kwamba niliandika nisichokijua, na mke wangu alikuwa anasikiliza. Nikajificha kwenye utani. "Kweli tupu. Ukiitia utaona mpaka panya waliojificha Newala."

"Nakuuliza, ujue."

"Nami nakujibu. Tia dawa, bwana, uache woga. Au Wamakonde mnaogopa hadi majani?"

Akacheka kidogo, kicheko cha adabu, akakunja gazeti akatoka. Nimemwona akilini akitoka mlango ule mara nyingi sana tangu siku hiyo. Utani wetu ulikuwa na maneno ya kila kitu, ya njaa, ya ndoa, ya mauti, lakini haukuwa na namna ya kusema "hapa nataka ukweli" isipokuwa ile aliyoitumia yeye, ya kubisha hodi. Nami niliisikia hodi nikaifanyia mzaha.

Aliacha matone ya hospitali akaanza ya jani. Na sikilizeni jinsi uongo unavyokuwa mtamu: yalimfaa. Yalikuwa ya baridi. Wekundu wa vumbi la mpingo ulitulia, macho yakang'aa, akalala vizuri. Dawa ya kweli ilikuwa inamwasha na haimwonyeshi kitu, na dawa ya uongo ilikuwa inambembeleza. Nani kati yetu asingechagua ya kubembeleza? Aliwaambia na wachongaji wenzake. Alipita akiniita kutoka nje, "Mmwera, leo mara moja umesema la maana, sijui nani kakuandikia!" Nikajiona mwema.

Kisha kikaja kinyago cha mzee mwenye kiko. Kilikuwa kimeagizwa na mteja wa mjini, naye akakirudisha. Nilikikuta bandani juu ya gogo. Upande mmoja wa uso ulikuwa umepigwa msasa mpaka unateleza kama kioo, kila mkunjo wa shavu uko mahali pake. Upande wa pili, kuanzia sikioni hadi shingoni, alama za tezo zilikuwa bado mbichi. Nikacheka. "Siku hizi unawachongea wateja wenye chongo?"

"Kwa nini?"

"Hujamaliza huku."

"Wapi?"

Nilidhani ananirudishia mzaha. Alikiinua kinyago, akakigeuza, akakigeuza tena, na kila alipokigeuza kipande kile kilimponyoka machoni. Nikamshika kidole nikakiweka penye alama za tezo. Alikipitisha pale polepole, kwenda na kurudi, na uso wake ukabadilika. Mke wake alikuwa anapepeta mchele pembeni. Aliweka ungo chini, akaenda ndani kuchukua kitenge, akamwambia, "Twende hospitali. Leo hii."

Shemeji ndiye aliyenisimulia yaliyosemwa huko. Daktari aliuliza matone ya mwanzo yaliachwa lini. Mumewe akajibu kwamba alipata mengine ya kisasa zaidi. Yapi? Akayatoa mfukoni. Daktari aliigeuza ile chupa, akasoma pande zote, akauliza: "Humu mna nini?" Hakuna aliyejua. Hata mie niliyeisifu gazetini ningekuwepo pale nisingejua. Daktari akamwambia kwa upole kwamba mshipa wa jicho moja umekwisha na wa pili umebakiza kidogo sana. Walijaribu kuokoa kile kidogo. Haikuwezekana. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata alikuwa anapapasa ukuta kwenda uani, na tezo na patasi zake akampa mtu mwingine, kwa sababu alisema zikikaa zinamwita.

Nilikwenda Buguruni na ngumi zangu. Ile ofisi ilikuwa imeshageuka ukumbi wa kuonyesha video, na mwenye suti ya kaki hakuna aliyejua aliko. Nilikwenda kwa mhariri nikamwambia nataka kuandika kwamba tulikosea, watu waache dawa ile warudi hospitali. Alinitazama kama vile nimeomba ruhusa ya kuchoma jengo. "Kaka, hakuna aliyelalamika. Tukijisema wenyewe, kesho nani atatangaza kwetu?" Na mie? Mie niliinama, nikaandika juu ya mashimo ya barabarani. Nimeandika juu ya mashimo ya barabarani miaka mingi, wasomaji wangu, kwa ushujaa mkubwa. Wangapi wengine walitia matone yale Tandale, Kinondoni, Mbagala, sijui, na sijui kwa sababu nilichagua kutojua. Hao hawakuwa na mtani gazetini wa kumrudia na kumdai.

Ilinichukua muda kwenda kumwomba msamaha. Nilimkuta amekaa bandani, mikono juu ya magoti, banda lisilo na maranda. Sikuingia kwa kelele kama kawaida. Nilibisha hodi.

"Nani huyo mstaarabu?" akauliza.

"Mie. Nimekuja kukuomba radhi."

Akasema, "Usiseme hivyo, mtani. Rudi nje, uingie kama siku zote. Nitukane. Sema kipofu gani huyu kazubaa kama chungu kilichovuja."

"Siwezi. Nimekuja kwa kweli. Nimekukosea, nisamehe."

"Mtani haombwi msamaha. Unajua hilo. Ukiniomba, tumekuwa watu baki."

"Naomba, hivyohivyo."

Aligeuza uso upande wangu, si hasa niliposimama, pembeni kidogo. "Siku ile nilikuja kwako kwa kweli ukanipa utani. Leo nakupa utani unaniletea kweli. Haya." Akanyoosha mkono, nikaushika. "Nimekusamehe, bwana mwandishi." Tangu siku hiyo mpaka anakufa aliniita bwana mwandishi. Nilipokwenda kumjulia hali alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za nyumbani, akaagiza niletewe chai. Hakuonja tena mchuzi wangu. Msamaha alinipa wote, hakubakiza hata punje, na sijawahi kupewa kitu kilichokuwa kizito vile.

Sasa nieleze kwa nini naandika haya leo, na si kulia tu. Siku chache kabla ya simu ya shemeji alinijia hapa nyumbani Madale kijana nadhifu, shikamoo tele, simu mbili mkononi. Alinisifu kwamba mie ni mkongwe, wazee wote wananiamini. Akatoa kasha. Ndani mna chupa ya matone. Juu pameandikwa neno "nano" kwa rangi ya dhahabu, na chini yake kuna picha ya jani. "Mzee, hii ni teknolojia mpya. Dawa ya mmea, ila iko kwenye chembe ndogo sana, inapenya jicho mpaka nyuma. Presha ya macho, mtoto wa jicho, kisukari cha macho, yote." Nilihisi kama mtu anayesomewa maandishi yake mwenyewe.

"Mti gani?" nikamuuliza.

"Ni mchanganyiko, mzee. Siri ya kampuni."

"Nani kaipima?"

"Wataalamu."

"Kwenye macho ya nani?"

Akatabasamu. "Mzee nawe bwana! Si ni asili hii? Haina madhara."

Nilimtoa nje kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa, na jirani zangu wanaweza kuthibitisha kwamba pumzi bado ninayo. Lakini hasira haikunitosha. Safari hii nilitaka kujua. Kuna binti wa jirani yangu anayefundisha mambo ya dawa chuoni. Nikaenda kumuuliza kama ile "nano" ni uongo mtupu.

"Shikamoo baba," akasema. "Si uongo. Ndiyo maana inauma ikitumiwa hivyo." Akanieleza kwamba jicho linajisafisha lenyewe: ukitia tone, kope zinapepesa, machozi yanalisukuma, na sehemu kubwa ya dawa inaishia puani na kooni kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo watafiti wanachukua kitu chenye nguvu kutoka kwenye mmea, wanakifunga ndani ya chembe ndogo mno zinazonata juu ya jicho na kukiachia polepole. Baadhi ya kazi hizo zinatia moyo, alisema, lakini nyingi bado ziko maabara na kwa wanyama.

"Kwa hiyo itakuja kuwa dawa?"

"Huenda. Lakini baba, chembe inayoweza kupenya ikaponya inaweza pia kupenya ikaumiza. Ndiyo maana inapimwa taratibu. Kuwa ya mmea hakuiondolei hilo."

"Na mgonjwa wa presha ya macho leo umwambie nini?"

"Asiache matone ya hospitali. Akisikia jambo jipya, akamuulize daktari wake akiwa bado anayatia."

Maneno mepesi kiasi hicho. Yangetosha kujaza safu yangu ile ya zamani, na nafasi ingebaki. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira mara mbili. Mwenye suti ya kaki aliuza uongo uliofanana na ukweli ambao haujazaliwa. Siku ukweli wenyewe utakapozaliwa, pengine kutokana na mti ulio uani kwako, watoto wa walioharibiwa watausikia na kugeuka upande. Nami nawaelewa. Aliyeuza matone yale aliwaibia macho waliokuwepo, na waliokuwa hawajazaliwa aliwaibia imani. Tulimsaidia sisi wenye kalamu, na leo tunamsaidia tena wenye simu, tunaosambaza picha ya jani bila kuuliza mti. Hatuna udhuru wa umaskini wala wa ugeni wa soko. Kuuliza ni bure.

Nilikwenda mazishini kama nilivyoagizwa. Nilivaa koti, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kati ya watu wa mtaani nisiowajua. Wamwera wenzangu walikuja, wamepanda basi toka Mbagala, vijana ambao hata hawakumfahamu vizuri. Mmoja alifunga kitambaa machoni akapapasa wafiwa vichwani, akisema anatafuta kinyago alichoahidiwa. Mjane na watoto walicheka huku wanalia. Mwingine akalala kaburini na kupiga kelele kwamba hapa pazuri, pana kivuli, Mmakonde akatafute pake. Wakamletea jogoo. Alikuwa mweupe. Nilisimama nusu, mdomo umeshafunguka kusema mweupe hapokelewi, atakiwa mwekundu. Shemeji alinitazama kutoka ng'ambo ya kaburi. Hakuwa na chuki, alinitazama tu. Nikakaa.

Somo ninalowaachia ni dogo: anayekuuliza kwa kweli, mjibu kwa kweli, na kama hujui sema hujui, hata kama mkeo anasikiliza. Kuhusu gharama, nitaisema wazi. Ile "sawa" yangu ilimgharimu yeye macho yake na kazi ya mikono yake. Mimi ilinigharimu mtani. Nitakapokufa watakuwepo watu wengi wa kunililia, na hatakuwepo yule aliyeapa kulala kaburini mwangu.